Uliponiita Salumu

Mtani wangu mpendwa, Mnyamwezi uliyezaliwa na mzigo kichwani,

Kipupwe kimerudi Kinondoni. Asubuhi upepo wa kusi unapita chini ya mlango wa banda, na mimi natandika farasi nikiwa na gunia mabegani kama zamani. Ungekuwapo ungenicheka. Ulikuwa ukisema Mzaramo akiona umande anaandika wasia, na kwamba baridi kama hii kwenu Tabora watu wanaiogea. Mwaka huu gunia halinisaidii. Natetemeka hata jua likishatoka, na sababu ni wewe.

Unakumbuka Mstaafu alivyoletwa? Farasi wa mashindano, mwekundu, mguu wa mbele umevimba, amestaafishwa kabla hajamaliza kuota meno. Jina la Kizungu alikuwa nalo, refu, lakini wewe ulimtazama ukasema, "Huyu mtoto kapata pensheni kabla ya babangu," basi Mstaafu likawa jina lake. Bwana akatupa kazi sisi wawili, watunza farasi wake: mguu ukipona, tumfundishe kutembea njia za porini kwa utulivu ili mkewe ampande. Vuli ikifika bado ana wazimu, atapigwa risasi. Alilisema hilo huku anawasha kiko.

Kipupwe kizima tukawa tunatoka naye, wewe mbele juu ya yule farasi jike mzee, mimi nyuma juu ya Mstaafu, kupitia mashamba ya mihogo mpaka mapori ya Tegeta. Tulisema majira hayo ni mazuri kwa sababu mbung'o huwa wachache. Niliogopa kila siku. Farasi yule alijua jambo moja tu duniani, kukimbia. Akisikia kwato za mwenzake anataka kumpita. Akiona njia imenyooka, masikio yanasimama, na mimi naanza kutamka shahada. Na wewe, badala ya kunionea huruma, unageuka na kupiga kelele, "Mtani, nyoka!" Mimi naruka, Mstaafu anaruka, wewe unacheka mpaka unashika shingo ya jike. Ningekasirika vipi? Mtani hakasirikiwi. Nilikujibu kwamba nyoka wa pori hili ni mmoja tu, na alikuja kwa treni.

Miaka yote ile hukuwahi kuniita kwa jina langu. Nilikuwa mtani, mla nazi, bwana ngoma. Hata mke wangu alipokuuliza niko wapi ulimwambia, "Ule mzigo wako nimeuacha bandani."

Sasa ile asubuhi ya kijitoni. Njia inashuka kwenye matete. Ulikuwa umeshavuka na jike wako, umegeuka kunitazama, na Mstaafu amekwisha kukaza shingo ili amkimbilie mwenzake. Ukasema taratibu, "Salumu. Simama."

Sikufikiri. Nilivuta hatamu, na Mstaafu, ambaye siku zote nilimwomba asimame akakataa, akasimama. Ndipo nikamwona swila ameinua kichwa katikati ya njia, mbele kabisa ya kwato. Tulikaa hivyo mpaka alipojishusha akaingia kwenye matete. Ungesema "mtani, nyoka" ningecheka, nikaendelea mbele.

Tuliporudi uliniuliza kama nimejikojolea. Ukasema farasi naye alisimama kwa mshangao, kwa kuwa hajawahi kukusikia ukisema kweli. Tangu siku ile Mstaafu akajifunza kusimama, na vuli ilipofika mke wa bwana akampanda, risasi ikasahauliwa. Nami nikarudi kuwa mla nazi, mpaka siku nilipokusindikiza stesheni, ukirudi kwenu huku unakohoa. Hata pale dirishani uliniambia nikitangulia mie kufa utakuja kulala kaburini mwangu kama ilivyo desturi ya watani, na hutoki mpaka wanangu wakupe jogoo. Nilicheka njia nzima kurudi nyumbani.

Juzi amekuja kijana wa reli kutoka Tabora. Alinikuta namsugua Mstaafu.

"Shikamoo mzee. Mwenzako anakusalimu. Kifua bado kinamsumbua. Anasema, Salumu amtunze yule farasi."

"Marahaba. Kasema Salumu, au kasema mtani?"

"Kasema Salumu."

"Hakunitukana?"

"Hakutukana, mzee. Kasema taratibu tu."

Tangu hapo chakula hakishuki. Najidanganya kwamba kijana yule ana adabu, labda ameyasafisha maneno yako njiani. Mke wangu anasema jina ni jina, mtu akiitwa jina lake kuna ubaya gani. Yeye hakuwapo kijitoni. Kila tukifika pale siku hizi Mstaafu husimama mwenyewe, nami natazama njia yote mpaka kwenye matete, na sioni kitu. Hapo ndipo naogopa zaidi.

Mtani, nijibu. Mtafute yeyote anayejua kuandika umtajie tusi moja, hata liwe fupi, nitalitambua kuwa ni lako. Kazi ya kulala kaburini siitaki. Tabora ni mbali, na mie nikilala humo sitajua kuchekesha watu, nitalia tu.

Jina lako nalijua vizuri. Humu sikuliandika, na sitaliandika.

Nitukane upone,
Mla nazi wako