Bima Tuliyoambiwa ni ya Msiba

Jumatatu, 4 Agosti

Nimemenya mihogo tangu alfajiri. Karai la kwanza limeisha mapema, watu wa stendi ya Msambweni waliamka na njaa. Nuru mgongoni, anaota jino, analia kidogo kidogo kama paka. Macho yangu yana mchanga.

Nilirudi nyumbani kumpa Rama uji, nikamwambia jibu la kampuni ya mkopo. Akanirushia kikombe. Kilinipita sikioni kikapasuka ukutani. Mtoto akapiga ukelele. Nikamwambia, baba Nuru, ukirusha tena nakupeleka Taru kwa dada yako, ukawarushie mbuzi.  Halafu akalia. Nikamfuta uji kifuani.

Hasira yake naijua. Rama ni mkwezi. Hoteli za Diani humwita aangue nazi zisije zikawaangukia wageni vichwani. Mwezi uliopita alianguka yeye. Nyonga imevunjika, amelala tu. Mkopo ni wangu, wa kikundi, nilinunulia jiko la gesi na karai. Na kila wiki juu ya malipo nimelipa bima ya mkopo. Mimi au mume akifa au akiumia, bima inalipa deni. Ndivyo tulivyoambiwa. Leo kampuni inasema bima ni ya wenye ajira na karatasi ya mshahara. Mkwezi hulipwa kwa mnazi. Karatasi ataitoa wapi, kwenye kuti?

Jumanne, 5 Agosti

Yule dada wa msaada wa sheria kule Kwale, niliyempa habari jana, amenipigia. Anasema niache kuidai bima ilipe. Nidai nirudishiwe nilichokatwa chote, kwa sababu niliuziwa kitu kisichonifaa tangu siku ya kwanza. Afisa wa mkopo alipaswa kuniuliza kazi yangu na ya mume wangu. Hakuuliza.

Nikasema nitafikiri. Hakuelewa nafikiri nini.

Afisa ni Kelvin, kijana wa bara. Siku alipoileta hiyo bima, tulikuwa barazani kwa Mwanakombo, mwenyekiti wetu. Mwanakombo akamuuliza, mwanangu, hii bima si riba? Si haramu? Kelvin akatutazama. Akasema, "Mama zangu, chukulieni ni mchango wa msiba. Leo kwako, kesho kwa mwenzako." Tukatia sahihi wote. Nani hapa atakataa mchango wa msiba? Ukikataa, siku yako nani atakuja kukuosha?

Na mchango wa msiba haudaiwi. Sijasikia mtu amekwenda kwa waliofiwa akasema nirudishieni changu. Ni kama kuvuta sanda ya maiti. Hiki ndicho ninachofikiri.

Jumatano, 6 Agosti

Siku ya kikundi. Sikuwa na malipo. Sheria yetu ni hiyo hiyo, asiyelipa kikundi kinamlipia, kisha kinakwenda kwake kuchukua. Nami niliwahi kwenda kwa wengine. Nilibeba sufuria ya mtu.

Wamenifuata pale pale ninapokaanga, mbele ya wateja. Mwanakombo akashika karai, mafuta bado yanachemka. Nikashika upande wangu. Akavuta, nikavuta. Mafuta yakamwagika, mengine mkononi mwake, mengine mguuni mwangu. Akanipiga upawa wa chuma usoni. Nikamng'ata bega mpaka nikaonja damu. Mwanamke aliyemuosha Nuru alipozaliwa. Nikamng'ata.

Wakachukua jiko. Wakaja nyumbani wakachukua godoro. Rama alikuwa juu yake. Walimshika wawili miguuni, wawili mabegani, wakamteremsha sakafuni kama gunia. Kelele aliyopiga siwezi kuiandika. Mama mkwe akawarushia mchi, ukampata mmoja wao gotini. Kelvin alikuwa nje juu ya pikipiki yake. Akasema, "Mimi siingilii, hayo ni mambo ya kikundi."

Nawachukia wote.

Alhamisi, 7 Agosti

Mguu umevimba malengelenge. Nuru kaukanyaga. Sikumpiga. Nilitoka nje nikapiga ukuta.

Jumamosi, 9 Agosti

Mama mkwe hataki nidai. Alinikalisha chini, akaniambia polepole, kwa upole kabisa, "Mkaza mwanangu, ukiudai mchango wa msiba unauita msiba. Na mwanangu ndiye huyo yuko chini."  Simvunjii heshima, ila maneno yake hayanitoki kichwani.

Rama anataka nidai, na anataka zaidi ya hapo. Juma, binamu yake, mkwezi mwenzake, amekuja na kijana mwingine. Mapanga ya kazi kiunoni. Wakanong'ona muda mrefu. Nilipoingia na chai wakaanza habari za mpira. Nimesikia jina la Kelvin na neno Jumatano.

Jumanne, 12 Agosti

Nilikwenda Ukunda ofisini kwa kampuni, nachechemea, mtoto mgongoni. Nikamkuta Kelvin. Nikamwambia kwa adabu kwamba naomba nirudishiwe. Hakunipa hata kiti.

"Mathe, ukiandika hayo malalamiko, kikundi chote kinafungwa. Hakuna mkopo mpya. Wamama wanangojea pesa ya shule. Utawaambia nini?"

"Nitawaambia ulitudanganya."

"Mlisaini wenyewe. Kuna mtu nilimshika mkono?"

Nilikuwa nimekwenda pia kumwonya kuhusu Jumatano. Sikumwonya. Nilifika mlangoni, nikasimama, nikatoka. Nilitaka apigwe. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Jumatano, 13 Agosti

Wamempiga.

Tulikuwa barazani kwa Mwanakombo. Mimi nilikaa pembeni, hakuna aliyenisalimu. Kelvin alipofika tu, Juma na mwenzake wakamvuta kutoka kwenye pikipiki. Walimpiga kwa ubapa wa panga, mgongoni, kichwani. Sikio lilichanika likawa linaning'inia. Sauti ya panga bapa juu ya mtu ni kama nguo mbichi inayofuliwa juu ya jiwe. Akina mama walisimama tu. Mmoja akasema mwongezeni. Nilikuwa nimeitaka hii na sasa ilikuwa mbele yangu, ina damu, inaita mamake.

Juma akageuza panga upande wa makali.

Nilimpa Mwanakombo mtoto. Sikufikiri, yeye ndiye aliyekuwa karibu. Nikamlalia Kelvin. Pigo moja la ubapa lilinipata mgongoni, pumzi ikakatika. Nikasema, "Juma, huyu akifa atakuwa maiti. Na maiti haulizwi kitu. Tutamchangia sanda, basi, mambo yaishie hapo. Mimi nataka aulizwe."

Juma akasimama, anahema.

Mwanakombo akasogea, mwanangu begani mwake, mkono wake mwingine umefungwa kitambaa. Akainama. "Haya mwanangu, ungekufa sasa hivi, ule mchango wetu ungekuzika?"

Kelvin akatema damu. Akasema haukuwa mchango wa msiba wowote. Alikuwa akilipwa kwa kila sahihi. Akasema, "Hakuna hata mmoja wenu aliyefaa kupewa hiyo bima. Hata mmoja."

 Bi Mwanakombo alikuwa ametia sahihi mara mbili, ya kwake na ya marehemu mumewe alipokuwa mgonjwa. Alipofariki, bima haikulipa. Alidhani ni bahati yake mbaya. Deni alilipa kwa kuuza ng'ombe.

Tulimfunga Kelvin kichwa kwa leso yangu, tukamtafutia gari la hospitali.

Alhamisi, 14 Agosti

Polisi walikuja kabla ya kumi na mbili asubuhi. Walimkuta Juma kwa mkewe. Walimpiga mateke mbele ya watoto, kisha wakamtupa garini. Mwenzake ametoroka, wanasema yuko kisiwani Funzi. Rama walimkuta sakafuni, wakamcheka, wakamwacha.

Dada wa sheria anasema aliyoyasema Kelvin chini ya panga hayatufai kitu. Maneno ya kupigwa si ushahidi. Kinachotufaa ni risiti za bima na ukweli kwamba hatukuulizwa kazi zetu. Amenikaripia pia kwa kujua na kunyamaza. Ana haki.

Mgongo hauinami. Nimemnyonyesha Nuru nimesimama.

Jumamosi, 16 Agosti

Mkubwa wa Kelvin amekuja mwenyewe. Gari nyeupe, viatu safi, akavivua mlangoni vizuri. Alimwamkia mama mkwe shikamoo. Akaeleza bila kupaza sauti. Nikiacha malalamiko, kampuni haitaifuata kesi ya Juma. Nikiandika, Juma anakwenda mahakamani na kampuni itamfuata mpaka mwisho. Akaacha tende kwa ajili ya mtoto.

Alipoondoka, Rama akasema acha. Nikamwambia, wewe ndiye uliyemtuma Juma, na wewe ndiye uliyesema nidai. Akasema acha, mwanamke, ndugu yangu yuko ndani. Nikasema nitafikiri. Akanipiga na gongo lake la kujiinulia, akiwa amekaa, kwenye paja, kisha akalinyanyua tena. Nikalishika. Tulivutana, yeye ana mikono ya mkwezi, lakini mimi nina miguu. Nikamnyang'anya. Nikalinyanyua mimi. Aliweka mkono kichwani.

Sikumpiga. Nilitaka. Nilimwambia, "Hakuna atakayenipiga tena katika nyumba hii, wala kwa kikombe, wala kwa gongo. Ukirudia naondoka na Nuru, na utaangaliwa na mamako."

Halafu nikachemsha maji nikamwogesha, kwa sababu anavyolala sakafuni ana vidonda kiunoni. Alishika mkono wangu wakati namkausha. Nilimwachia aushike.

Jumapili, 17 Agosti

Nimefikiri na nimemaliza. Juma alishika panga, Juma ajibu la panga. Kelvin alituuzia uongo, kampuni ijibu la uongo. Nikiviuza hivi viwili kimoja kwa kingine, itakuwa na mimi nimekula kamisheni.

Na haukuwa msiba. Ningekuwa nimekwenda kwa waliofiwa, ningenyamaza mpaka nife. Hawa hawakufiwa na mtu.

Nimemwambia mama mkwe kwanza, kwa magoti.  Akasema, "Basi nenda ukiwa na udhu." Ndiyo ruhusa yake.

Jumatano, 20 Agosti

Nimetia sahihi malalamiko kule Kwale. Mwanakombo alikuja, sikumwita. Mkono wake umeanza kupona, ngozi mpya ya rangi ya waridi. Alitia sahihi baada yangu, na bima ya marehemu mumewe akaieleza kwa sauti ndogo. Wengine watatu wamesema watakuja. Wengine hawatusemeshi, mkopo wa shule umefungwa kweli. Dada wa sheria anasema jibu litachukua muda, na linaweza kuwa hapana.

Njiani tulikaa kiti kimoja, mimi na yeye. Hatukuombana radhi. Alimpakata Nuru nikasinzia.

Juma amepandishwa kortini leo hiyo hiyo. Dhamana imekataliwa. Jioni nilikwenda kwa mkewe na sahani ya mihogo. Alikuwa uani anapepeta mchele. Nikatoa salamu, hakuitika. Nikaiweka sahani juu ya kinu, nikasubiri kidogo. Aliendelea kupepeta.

Nikarudi nyumbani. Sahani imebaki kwake. Sitaifuata, hiyo haidaiwi.