Hai ya Shomari

Isevya, Jumapili ya kwanza ya Novemba.

Mvua imejikusanya tangu saa nne asubuhi, ikanguruma, ikatukimbiza kuanua nguo, halafu ikahamia upande wa Goweko bila kudondosha hata tone. Joto limebaki palepale. Niseme ukweli, hata na mvua nimekasirika.

Nimesalitiwa.

Neno hilo nimeliandika na kulifuta mara mbili, maana najua mtu akilisoma atadhani ni mambo ya mapenzi. Sivyo. Namzungumzia Shomari, fundi simu wa hapa mtaani, rafiki wa marehemu kaka yangu Hamisi. Na nazungumzia gemu moja la Kijapani ambalo nimelicheza kwa saa sabini na tatu. Saa hizo sijazitunga, mashine yenyewe inazihesabu na kuziandika pembeni, kana kwamba inanisuta.

Ngoja nianzie mwanzo, hasira isije ikanirusha.

Mashine ya gemu ilikuwa ya Hamisi. Ilikuja na mitumba ya Japani ikiwa mbovu, Shomari akaifufua, ndani ikakutwa sidii moja tu. Kila kitu Kijapani, hakuna hata neno moja la kushika. Hilo halikuwatisha. Nusu ya magari ya mjini hapa ukiyawasha yanakuongelesha Kijapani, na sijasikia dereva aliyewahi kujali yanasema nini. Hamisi na Shomari wakawa wanacheza kwa kubahatisha, huyu na sidii yake kwake, yule na nakala na mashine yake kwake, kisha wanabishana kibandani kwa Shomari nani kafika mbali.

Hamisi alifariki mwaka juzi. Figo. Mashine ikapandishwa juu ya kabati, Mama akaifunika kitambaa alichofuma mwenyewe. Mwaka huu baada ya Idi niliishusha, nikaiwasha nione tu kama bado nzima.

Ikawaka. Wakatokea watu watatu wamesimama katikati ya kijiji, na majina yao juu ya vichwa: HAMISI. NYAMIZ. SHOMAR.

Gemu linakubali herufi sita tu. Mimi Nyamizi nimekatwa mkia, Shomari naye hivyohivyo, Hamisi peke yake ndiye aliyeenea. Yeye ana upanga. Mimi ni mganga, natibu wenzangu. Shomari ni mwizi, kazi yake kuchomoa vitu mifukoni mwa maadui. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Sisi Wanyamwezi, Shomari Mzaramo, na utani wetu ni wa tangu babu zetu wanabeba pembe za ndovu kwenda pwani wakipita kwao. Kumwita mtani wako mwizi ni salamu. Yeye mpaka leo ananiita mpagazi, na akiniona na ndoo kichwani ananiuliza msafara umefika wapi.

Lakini sikujua kama Hamisi aliniweka mle ndani. Hakuwahi kuniambia. Baada ya kucheka nililia, kisha nikashika pedi ya kuchezea.

Nilimfuata Shomari anifundishe. Akachukua boksi la simu, akanichorea herufi mbili, na chini yake herufi tatu. "Usihangaike na maneno mengine yote. Wakikuuliza swali, majibu ni haya mawili. Hili fupi linasomeka hai."

"Hai? Hai kama hai yetu?"

"Hiyohiyo. Wajapani nao waliazima kwa Waarabu kama sisi. Hai ni uzima. Hili refu linasomeka iie, ni kifo. Hujawasikia watu msibani? Iiiieee!"

Alivyolia, mama mmoja aliyekuwa akipita alisimama kuuliza kafa nani.

Na mimi, mtu mzima, karani wa ofisi kule Isikizya, ninayejua kusahihisha barua za wakubwa, nikaamini. Lakini jamani, lilikuwa linafanya kazi! Ukifika nyumba ya wageni linakuuliza, unabonyeza hai, watu wako wanalala wanaamka wazima. Mimi nikipigwa nikaanguka linauliza, hai, nafufuka. Siku moja nilijaribu iie makusudi. Kioo kikawa cheusi, ukapigwa muziki wa matanga, nikarudishwa pale nilipoanzia siku ile. Ningetafuta ushahidi gani mwingine?

Basi nikacheza. Nisiwadanganye, hili gemu lina kiburi. Hatua tatu hujamaliza limekutokea dude la kupigana nalo. Kuna bosi mmoja wa kinamasini, ukimuua anabadilika, ukimuua tena anabadilika tena, na dawa zako zimeisha kwenye umbo la kwanza. Kuna mfalme alitutuma tumletee kito, tukamletea, kumbe yeye ndiye adui. Nilimtukana mfalme yule kwa Kinyamwezi mpaka Mama akatoka jikoni.

Nikajitungia mbinu. Sitoki kwenye daraja la kwanza mpaka nimepanda levo tano. Shomari simpi silaha, namtuma akaibe dawa tu. Na dawa zote ni za Hamisi. Pete ya kuzuia sumu, Hamisi. Ngao ya fedha, Hamisi. Mimi mganga nilikuwa natembea na kanzu ya kuanzia, napigwa kofi moja naanguka, lakini kabla ya kuanguka namtibu yeye kwanza. Wanaojua magemu watasema huo ni ujinga, mganga ndiye wa kulindwa. Nawajibu kwamba sikuwa natafuta kushinda.

Tangu nishike pedi ile, kaka yangu hakuanguka hata mara moja. Saa arobaini na tatu za mikono yangu, juu ya thelathini zake. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Jana mchana tukafika kwenye ngome. Tunakimbizwa, mbele yetu lango la chuma linashuka. Hamisi akatangulia, akaliwekea bega, akalizuia. Nyamiz akapita chini yake, Shomar akapita. Hamisi akageuka akasema maneno marefu sana, kurasa na kurasa za Kijapani, mimi nimekodoa macho sielewi hata moja. Kisha swali. Herufi mbili juu, herufi tatu chini.

Nikapiga picha kioo, nikamtumia Shomari kwenye simu: "Hapa vipi?" Ndivyo tulivyozoea nikikwama.

Tiki mbili zikageuka buluu. Nikaona anaandika. Akaacha. Anaandika. Akaacha.

Nilisubiri. Umeme ulikuwa umeshakonyeza mara mbili, na ukikatika kabla hujasevu unapoteza siku nzima. Nikajiambia, Nyamizi, unaogopa nini, si unajua jibu? Unataka awe nini kama si hai?

Nikabonyeza hai.

Hamisi akatabasamu, akatoa bega. Lango likashuka. Gemu likaniuliza tena swali, nikajibu hai kwa mazoea, kumbe nasevu, siwezi tena kulirudisha nyuma. Kwa kidole changu mwenyewe. Nilipofungua orodha nikakuta majina mawili: NYAMIZ. SHOMAR.

Nilirudi kwenye lango lile. Nilizunguka, nikabonyeza kila jiwe. Nikadhani atatokea mlango wa nyuma, kwenye magemu watu hutokea. Hakutokea. Mwishowe nikaikumbuka ile picha, nikaipitisha kwenye simu itafsiri, kitu ambacho ningeweza kukifanya tangu siku ya kwanza, ila sikuona haja, nilikuwa na Shomari.

Simu ikaandika: Je, mtamwacha nyuma? Ndiyo. Hapana.

Mayo! Mama yangu!

Leo asubuhi nimekwenda kibandani kwake. Njiani nilikuwa najizuia, maana najua mila. Kwa mtani hakuna kesi. Siku ya msiba wa Hamisi, Shomari huyuhuyu alivaa kandambili za marehemu na shati lake, akatembea uani kwa ule mwendo wa Hamisi wa kuburuta mguu wa kushoto, akamwamuru Mama amletee ugali wa moto. Mama, aliyekuwa hajanyanyua kichwa tangu alfajiri, akacheka hadi akashika mbavu. Ndiyo kazi ya mtani, na aliifanya vizuri kuliko wote. Kwa siku ile tu nilishamsamehe mengi ambayo hajayafanya.

Hili sikuwa nimeliweka humo.

"Karibu mpagazi, leo umebeba mzigo wa nani?" akaanza. Nikamwekea simu mezani, ile tafsiri ikiwa wazi. Akaitazama, akaacha bisibisi.

"Ulijua?"

"Nilijua, dada."

"Na jana ulikuwa unaandika nini unafuta?"

Akasema nimsikilize. Kwamba alitania siku ile akidhani nitagundua baada ya siku mbili nije nimtukane, tucheke. Sikugundua. Wiki zikapita, nikawa nakuja kumsimulia jinsi ninavyomlinda Hamisi, pete na ngao, akashindwa aanzie wapi. Kila siku iliyopita ule utani ulizidi kuwa mzito. Jana alipoiona ile picha aliandika "bonyeza lolote", akafuta. Akaandika "samahani", akafuta.

Nikamwambia yeye ni mwizi kweli, si wa utani. Nikakinyanyua kigoda chake cha wateja, kimoja alichonacho, nikakiweka kwapani. Kimila mtani akichukua huulizi. Hakuuliza. Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri simu yake akabaki amesimama, maskini, hakujua kumetokea nini.

Nilipogeuka kuondoka ndipo akaniambia.

"Hata ungebonyeza iie, dada Nyamizi, lingekuuliza tena. Lile swali halina hapana. Unakataa, linarudia. Unakataa, linarudia, maneno yaleyale, mpaka ukubali. Mimi nimelimaliza langu. Na kwangu mwenye upanga nilimwita Hamisi vilevile. Nilifika pale langoni wiki moja baada ya arobaini yake. Nilikataa mpaka dole gumba likavimba. Mke wangu ndiye aliyekuja kuchomoa waya ukutani."

Alisema kwa sauti ya chini, macho yako kwenye bisibisi. Nadhani alikuwa ananifariji. Kwamba si kosa langu, wala si lake, ndivyo gemu lilivyoandikwa na watu wa mbali wasiotujua.

Hapo ndipo nilipokasirika kweli.

Maana yeye alikataa. Mara ngapi, hata hesabu hana. Alisimama pale langoni mbele ya kaka yangu, akajibu hapana, hapana, hapana, mpaka kidole kikavimba. Na mimi? Mimi dada yake, nililetewa swali lilelile nikajibu ndiyo mara ya kwanza. Upesi. Kwa furaha! Hamisi anageuka kunitazama, na mimi naitikia ndiyo, baki.

Nilimwambia hivyo. Nilimwambia, "Lango lingemchukua, sawa. Lakini hapana yangu umeiiba wewe." Akafunika uso kwa mikono yote miwili, na mimi nikaondoka na kigoda. Sikurudi nyuma kumbembeleza. Sijui kama kesho nitarudi. Kigoda labda nitakirudisha, kwa ajili ya yule mzee.

Naandika haya saa tisa alasiri. Mama amelala. Lile gemu la Hamisi nimeliacha lilivyo, na majina yake mawili. Nimeanzisha jingine chini yake, kuanzia kijijini, levo ya kwanza, watu watatu hawana hata viatu. Mwenye upanga nimemwita jina lilelile. Nimeshapigwa na dude la kwanza nikafa, nimesahau jinsi mwanzo ulivyo mgumu.

Ni saa sabini na kitu mpaka langoni. Ofisini nakwenda, jikoni naingia, kwa hiyo labda itakuwa mwakani. Na najua nikifika halitanisikia. Shomari kanieleza, na katika hilo namwamini.

Lakini siku ile wodini nilitoka kidogo tu kumnunulia Hamisi uji. Niliporudi na kikombe, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Huku angalau wanauliza. Nitasimama pale niwajibu hapana, hata usiku na mchana, mpaka nichoke mwenyewe.