Jokofu la Bia la Curt Habeck

KITUO CHA POLISI REHNFIELD, WISCONSIN
Jumanne, tarehe 16 Januari 2018, saa 3:10 asubuhi

Jina: Marlys Ann Tetzlaff
Umri: Miaka 63
Kazi: Mstaafu. Fundi wa majokofu ya baa na hoteli kwa miaka 31
Makazi: Barabara ya Larch, Rehnfield
Uhusiano na marehemu: Binti yake wa kwanza

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Marehemu Emil Tetzlaff, miaka 88, ni baba yangu mzazi na alikuwa akiishi kwangu. Curt Habeck ni shemeji yangu. Amemwoa mdogo wangu Lorna. Kazi yake ni kuuza bima. Nimeambiwa hapa kituoni kwamba Curt ameandikisha kuwa mimi ndiye niliyeunganisha gesi kwenye jokofu lake la bia. Nimekuja kueleza ninavyojua.

Mnamo tarehe 4 Novemba 2017, siku ya Jumamosi, saa 4 asubuhi, Lorna alinipigia simu akasema Curt anataka nikamtazamie friza. Nilikwenda. Nilimkuta gereji na friza la kulala, jipya, amelifungua kifuniko na kulizungushia fremu ya mbao za mjozi, mti wa bei ghali, juu yake ili apitishe mabomba manne ya kumiminia bia. Kwa haki, mbao zilikuwa zimekatwa vizuri. Curt aliniambia, "Shemeji, nataka mtu akiingia aulize nimelinunua wapi. Hapo ndipo nitamwambia nimelitengeneza mwenyewe."

Nilimuuliza mtungi wa gesi ya kaboni, ile inayosukuma bia na kuipa povu, atauweka wapi. Alisema ndani ya ukuta, nyuma ya ubao, kwenye chumba kidogo alichokuwa akikijenga chini ya nyumba, kwa sababu mtungi unaharibu sura. Ulikuwa mtungi mkubwa wa kilo tisa, wa kuhudumia baa nzima. Nilimwambia gesi ile haina rangi wala harufu na ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatulia chini kama maji, na anayekaa chini huzama bila kulowa. Nilimwambia mtungi ukae gereji, dirisha la chumba lisizibwe, na kila kiungo kijaribiwe kwa povu la sabuni. Nilimwachia vibanio vinne vya chuma vya skrubu kwa ajili ya mipira ya gesi.

Alivigeuza mkononi akasema, "Hivi si vya trekta hivi? Wewe shemeji una mkono, lakini jicho huna."

Nilichukua kofia yangu nikaondoka. Siku hiyo sikuunganisha kitu, na siku nyingine yoyote sikuunganisha kitu.

Mnamo Alhamisi, tarehe 11 Januari 2018, saa 9 alasiri, nilimpeleka baba kwa Lorna akae siku tatu, kwa kuwa tanuri la kupashia joto nyumba yangu lilikuwa linabadilishwa. Curt alitushusha chini tukaone. Jirani yake, Rollie Gutzmer, alikuwepo tayari. Jokofu lilikuwa limemalizika. Nisipolisifu nitakuwa mwongo: ungedhani limetoka kiwandani. Vanishi tabaka saba, mwenyewe alizihesabu mbele yetu. Mabomba yaling'aa. Mbele alikuwa amepigilia kibao cha shaba kilichochongwa "Habeck na Wanawe wa Kiume". Curt hana mtoto wa kiume. Ana mabinti wawili, na wote hawanywi bia.

Rollie alisema, "Jamani, hili umelinunua wapi?"

Curt alijibu, "Kila skrubu unayoiona hapo ni mkono huu, Rollie. Hakuna fundi aliyegusa." Akaninyooshea kidole cha mzaha. "Shemeji huyu hapa hurekebisha majokofu ya watu. Mwulize kama amewahi kuona kama hili."

Nilisema sijawahi. Nilisogea nitazame nyuma, akanishika kiwiko. "Usiguse hapo, shemeji. Utaniachia alama za vidole."

Kabla hajanivuta nilikuwa nimeshaona. Kwenye mipira ya gesi hakukuwa na kibanio hata kimoja. Alikuwa ameweka pete za shaba, zile za fimbo za pazia, akazibana kwa koleo lililofungwa kitambaa ili zisikwaruzike. Dirisha pekee la chumba lilikuwa limefunikwa kwa ubao wa mjozi, kwa sababu mwanga wake ulikuwa unamulika mabomba vibaya. Mlango aliuzungushia mpira ili joto lisitoke.

Afande ameniuliza nilisema nini nilipoona hayo. Sikusema neno.

Nieleze kwa nini. Nilikuwa nimesikia kwamba Jumamosi amealika watu kuja kutazama mpira na kuonja bia aliyopika mwenyewe. Nilijua pete zile hazitashika. Nilifikiri gesi itavuja kidogo kidogo usiku na mchana, mtungi utaisha, na siku ya wageni bia itatoka imelala, haina povu, kama maji ya kuoshea vyombo, mbele ya wote aliowaita. Nilitaka bia imwaibishe. Nilipokuwa napanda ngazi nilikuwa nacheka moyoni. Baba, aliyekuwa nyuma yangu, aliniambia, "Marlys, mwache mtoto wa watu acheze."

Mnamo Jumamosi, tarehe 13 Januari, nilifika kwa Lorna saa 7:35 mchana. Curt na Rollie walikuwa uani kwenye theluji wakichoma soseji. Lorna alikuwa jikoni anakata viazi vya saladi. Nilimuuliza baba yuko wapi.

"Ameshuka chini tangu saa saba," alisema. "Curt amemwekea kile kiti cha ngozi na televisheni. Anasema kuna joto zuri."

Nilimuuliza kama mlango umefungwa. Akasema umefungwa. Niliweka chini sahani niliyokuja nayo.

Nilipofungua mlango wa kile chumba, pua iliwasha ghafla, kama unapobeua soda. Niliijua ile hali. Nilirudi ngazi tatu, nikavuta pumzi, nikaibana, nikaingia. Baba alikuwa ameteleza kutoka kwenye kiti, amekaa sakafuni, kidevu kifuani. Televisheni ilikuwa inapiga kelele. Mpira mmoja wa gesi ulikuwa umechomoka kabisa, na ile pete ya pazia iko chini. Mshale wa geji inayopima msukumo wa gesi ulisimama kwenye thelathini. Kwa bia, kumi na mbili inatosha kabisa. Baadaye Curt alikiri mbele ya Rollie kwamba saa 6:30 aliongeza msukumo ili bia ipate povu haraka.

Nilimshika baba kwa kanda za suruali zinazopita mabegani nikamvuta. Ngazi ni kumi na tatu. Kwenye ya tano nilishindwa kuendelea kubana pumzi nikaita. Curt alitokea juu, mkononi ana kibano cha soseji. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mlango, shemeji! Joto linatoka!"

Sijui kama alikuwa hajamwona baba. Nataka kuamini alikuwa hajamwona. Rollie alimpita akashuka, akashika miguu, tukamtoa baba hadi uani. Nilimbonyeza kifua juu ya theluji mpaka gari la wagonjwa lilipofika saa 7:58. Moyo ulirudi. Yeye hakurudi.

Polisi wawili walipofika, nilimsikia Curt akiwaambia, "Gesi mimi sijui. Shemeji ndiye fundi. Ndiye aliyeunganisha."

Rollie akasema, "Curt, si juzi umetuambia kila skrubu ni mkono wako?"

Curt alijibu, "Huo ulikuwa mzaha tu."

Miezi miwili na zaidi mtu yule alikuwa akipiga msasa usiku na mchana ili watu wasiache kusema ni kazi yake. Ilipotakiwa kuwa kazi yake kweli, dakika kumi hazikupita akaikana, na alama ya mgongo wa baba ilikuwa bado inaonekana kwenye theluji. Katika baa nilizofanyia kazi nimewahi kukutana na walevi, wezi na mtu aliyejisaidia ndani ya jokofu. Hakuna niliyemdharau kama ninavyomdharau Curt Habeck.

Baba alifariki Jumatatu, tarehe 15 Januari, saa 12:20 asubuhi, hospitalini. Tulikuwepo mimi na Lorna. Curt alikuwa kwenye gari. Alisema hawezi kuona mambo kama hayo. Muuguzi alipotoka, Lorna alinishika mkono akasema, "Dada, wewe ulishuka kule Alhamisi. Wewe ni fundi. Hukuona kitu?"

Ningeweza kumwambia sikuona. Curt alinivuta kiwiko, na Rollie alimwona akinivuta.

Nilimwambia, "Niliona."

Alisubiri niendelee. Nikamwambia nilinyamaza ili bia imharibikie mumewe mbele ya wageni. Lorna aliuachia mkono wangu. Hakupiga kelele. Alichukua koti la baba lililokuwa kwenye kiti, akalikunja, akatoka nalo. Tangu hapo hajapokea simu yangu.

Afande ameniuliza kama Alhamisi ile nilijua kwamba gesi ile inaweza kuua. Nilijua. Kwa miaka thelathini na moja niliwaeleza wenye baa kila nilipofunga mtungi, hata waliokuwa wamechoka kunisikia. Mtu mmoja tu sikumwambia mara ya pili, kwa sababu alinicheka mara ya kwanza.

Gesi aliunganisha Curt. Naomba iandikwe hivyo. Na hili la kunyamaza liandikwe chini yake, kwa jina langu.

Niliyoyaona ni hayo, na niliyoyanyamazia ni hayo. Sina mengine.

Sahihi ya shahidi: M. A. Tetzlaff

Maelezo ya ofisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya yote naye amekubali kuwa ni sahihi. Nilimjulisha kwamba aya zinazohusu ukimya wake zinaweza kutumika dhidi yake, na kwamba ana haki ya kumwona wakili kabla ya kuweka sahihi. Aliuliza kama Bw. Habeck naye aliambiwa hivyo. Nilimjibu kuwa ndiyo, na kwamba Bw. Habeck ameomba wakili. Shahidi aliomba kalamu.

Sajini D. Ostwald, saa 5:05 asubuhi