Kamba ya Baba Coletha

Kumbukumbu ya marehemu Tarsisi Ngusa wa Ushirombo

Mwaka mmoja umekatika tangu utuache, Baba Coletha, na bado mimi Klara mkeo nikirudi nyumbani nageuza kiti kielekee kitanda chako, nikitaka kukusimulia ya mnadani.

Ulikuwa mtu wa maneno. Kwenda nawe mnadani ilikuwa kazi, maana kila uliyekutana naye ulimsalimu yeye, watoto wake na ng'ombe wake.

Duara, shimo lenu la dhahabu, lilipotitia kule machimboni Geita, wenzako walikuchimbua ukiwa hai. Tukashukuru. Kumbe tulikutoa shimo moja, ukabaki katika jingine. Macho wazi, mwili haujibu, unalishwa kwa mpira wa puani. Tukaambiwa hujitambui. Baba yako mdogo Ngassa akasema mbele yako, "Tumtoe mpira apumzike. Huyu alishakwenda." Tukalia kama wafiwa, na wewe unatusikia.

Ndipo akaja Pantaleo, mshika kamba wako wa miaka yote. Duarani kwenu, aliye chini akivuta kamba mara moja ni ngoja, mara mbili ni nitoeni. Alikutazama machoni, akaruka.

"Shemeji, anavuta kamba! Angalia macho. Juu, juu, anatulia. Juu, juu. Anasema nitoeni!"

Daktari Rosemary, anayetafiti fahamu za watu wasioweza kusema wala kutikisika, hakutucheka. Alikuvika kofia ya nyaya, akakwambia uwaze unakunja ngumi, na kila alipokwambia, mashine ilionyesha ubongo wako unamtii. Mpira haukutolewa. Ngassa alikuomba radhi huku amekushika mguu.

Mazoezi na matibabu hayakukufungua. Inauma kusema, ila ndivyo ilivyokuwa. Lakini wakwe wa Coletha walipoleta habari za mahari, uliinua macho mara moja: ngoja. Wakaongeza dume la ng'ombe, ukainua tena. Mwanaume mkaidi wewe! Tulicheka mpaka machozi.

Kisha nimonia ikakuchukua.

Siku ya kukuzika, Pantaleo alishika kamba mojawapo ya kushushia jeneza. Lilipofika chini wenzake wakaachia, yeye akabaki ameishika mkononi. Padri akangoja. Sote tukangoja. Hukuvuta.

Unakumbukwa na mimi mkeo, wanao Coletha na Evance, dada yako Melania, baba yako mdogo Ngassa, na Pantaleo, ambaye tangu siku ile hajamshikia mtu mwingine kamba.

Wabeja, asante, Baba Coletha. Daima tutakukumbuka. Ukivuta, tupo.