Herufi za Harusi Kando ya Mto

Jumatatu, 1 Septemba
Kibao cha kijiji cha Sitalike kimekauka. HATARI. KIBOKO. USISOGEE MTO. Nimechora kwa herufi zangu za harusi: nguzo nene, mistari ya kuunganisha myembamba kama uzi, viguu vilivyochongoka chini. Mwenyekiti wa kijiji alitaka za kawaida tu. Za kawaida kila mtu anaweza. Hapa mtaani kwetu Nsemulwa hata saluni zinanitafuta kwa herufi hizi. Najivuna, ndiyo.

Jumatano, 3 Septemba
Nimekisimika ukingoni. Mto umebaki dimbwi, viboko wamebanana humo kama viazi kwenye sufuria. Watu wanapiga picha na kibao. Mdogo wangu Nyamizi, anayekaa hapo kijijini, kacheka: "Dada, hii imekaa kihoteli kabisa!" Nimefurahi mno.

Jumapili, 7 Septemba
Nyamizi kapiga simu. Amehamishia karai lake la maandazi chini ya kibao, eti ndipo wateja wanaposimama. Nimemwambia atoke hapo. Anasema mbona wenzake wamekaa na hawajaliwa. Sijapenda. Sijapenda kabisa.

Jumanne, 9 Septemba
Nimeenda kumwona. Nikakitazama kibao kutoka barabarani. Vumbi na jua vimekula mistari myembamba yote. H imebaki nguzo mbili. A ni mguu mmoja ulioegama. Kwa mbali ni ua wa miti uliovunjika.

Wasafiri wakashuka kwenye basi. Wakakodoa macho, wakasogea, wakasogea tena. Walipoweza kusoma, maji yalikuwa miguuni pao. Kibao changu kinawaita watu.

Rangi sikubeba. Nyamizi kagoma kuhama. Bango la harusi ya Jumamosi bado sijalimaliza. Nitarudi Jumapili.

Alhamisi, 11 Septemba
Jana na leo nimeota nguzo zile. Usingizi haupo.

Ijumaa, 12 Septemba
Nyamizi kapiga, analia. Kiboko katoka mchana kweupe. Kaponda benchi la wateja, kakanyaga karai. Yeye alikuwa ameenda dukani kuongeza unga.

Unga! Mungu wangu. Unga tu ndio umemwokoa.

Bango la harusi amalizie mwingine.

Jumamosi, 13 Septemba
Nimepaka upya kwa brashi ya ukutani. Herufi nene kila upande, hazina kiguu wala madaha. Mbaya kama matofali. Vipande vya benchi bado viko pale, na nyayo pana zimekizunguka kibao.

Nyamizi alibaki barabarani, hataki kusogea. Nikampigia kelele asome.

"Hatari! Kiboko! Usisogee mto! Dada, njoo basi!"

Kasoma yote bila kupiga hatua. Nikafunga kopo. Nyuma yangu kitu kikatoa pumzi ndefu majini. Sikugeuka. Nikatembea taratibu hadi alipo mdogo wangu, nikamshika mkono.