Dumu Lililorudi Limejaa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Mguu ulioteleza nao kule mtoni umepona, au bado unajifanya mzima ili usipelekwe zahanati? Maharage mmeyawahi kabla ya mvua? Na yule ng'ombe mwekundu, amezaa? Mimi ni mzima wa mwili. Baridi ya huku Norwei ni ya kumfanya mtu aone hata kwetu Tumati ni nchi ya joto, lakini nina koti zito na ninakula vizuri.

Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu simu huwa mnaiweka spika, na huyo mdogo wangu Magreth anajibu kabla yako. Hili nataka ulisome mwenyewe, polepole, na miwani yako. Mama, nina aibu. Ningekuwa hapo nisingeweza kukutazama usoni.

Unakumbuka likizo ile nilipokuja na kamera, ukanicheka kwamba nimevuka bahari kwenda kusoma picha. Ndicho ninachosoma kweli: jinsi wanawake na wanaume wanavyoonyeshwa kwenye filamu na televisheni. Tunafundishwa kuuliza nani anatazama na nani anatazamwa, nani anapewa maneno na nani anasemewa. Mara nyingi mwanamke kwenye skrini anawekwa kama kiti, yupo pale lakini hakuna anayemuuliza kitu. Mafundisho hayo ninayaamini mpaka leo. Kosa si lao.

Mhadhiri wetu alitaka kila mtu alete video fupi ya kwao na kuieleza kwa mafundisho hayo. Nikachukua ile ya wageni waliotoka Masakta kuja kumposa Magreth. Umo humo, mama. Unapita na viti, umejifunika shuka kichwani, macho chini, kama mlivyolelewa mbele ya watu wanaotaka kuwa wakwe. Kisha unaingia jikoni na huonekani tena. Wanaume wanabaki uani, na dumu lao la pombe ya asali liko katikati.

Nikasimama mbele ya darasa. Nikasema, "Huyu ni mama yangu. Anatazamwa, hatazami. Binti yake anajadiliwa na wanaume, naye hana neno." Mhadhiri akavua miwani akaifuta. Mama, nilijisikia mkubwa. Nilikuwa nakula sifa kwa mgongo wako.

Maana wewe unajua kilichofuata siku ile. Baba aliinuka akaja jikoni kukuuliza, kwa kuwa kwetu dumu halifunguliwi mpaka mama wa binti aseme. Mlikaa humo hadi yule mzee wa Masakta akaanza kukohoa bila kikohozi. Baba akatoka, akasema, "Mama Neema amesema bado. Binti amalize kwanza chuo cha uuguzi." Wageni wakaaga kwa heshima, wakabeba dumu lao wakarudi nalo. Yote hayo kamera ilikuwa imeyachukua. Nikayakata. Hoja yangu ilimtaka mama asiye na neno, na wewe ulikuwa nalo.

Ila nikaacha mwisho, wageni wanapotoka getini, kwa sababu jua lilikuwa limekaa vizuri. Basi binti mmoja wa Peru, mpole, ambaye siku zote anatafuna kalamu, akanyoosha mkono. "Hao wanapokezana lile dumu," akasema. "Linaonekana zito. Halijanywewa. Nani amekataa?"

Nikasema, "Baba."

Hivyo tu, mama. Nilikukana mchana kweupe. Petro alikuwa na jogoo wa kumshtua, mimi nilipigiwa makofi.

Nakumbuka walipokuja watu wa kuniposa mimi, kabla sijaenda chuo. Nilikuwa nimekaa miguuni pako namenya viazi. Baba akaingia akauliza. Wewe hata hukuacha kukoroga sufuria. "Bado," ukasema, ukaniambia niongeze kuni. Neno hilo ndilo lililonipandisha ndege. Nimekuja nalo mpaka huku, halafu nikalifuta kwa kidole kimoja.

Sasa chuo kimeichagua video hiyo ionyeshwe kwa watu wa mji, kabla ya Pasaka. Nilienda kwa mhadhiri nikamweleza ukweli wote. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema nirudishe kile nilichokata, kisha akauliza, "Mama yako anajua kwamba yumo?" Nikasema hapana. Muda wote huu nasoma habari za wanawake wasioulizwa, na mimi sikuwahi kukuuliza.

Nisalimie baba, na uamue wewe kama umsomee barua hii. Msalimie bibi, mwambie soksi alizonifumia ndizo zinazoniokoa. Magreth asome kwa bidii, asinichekee sana. Na yule mwalimu jirani yetu aliyetoka Kigoma, aliyenifundisha Kiingereza, mpe shikamoo yangu, lakini usimwambie nilivyokitumia.

Mama, naomba unisamehe. Na jingine ninaloomba ni hili. Nimesimama uani kwako kama wale wageni wa Masakta, na changu nimekibeba mkononi. Sikifungui mbele ya mtu yeyote mpaka neno litoke jikoni. Ukisema ndiyo, watu wa huku wataiona video nzima, wamsikie baba akisema ulichosema. Ukisema bado, nitageuka nacho kama kilivyo, na nitashukuru kwamba umenijibu.

Ni mimi binti yako, yule ambaye watu wanakuita kwa jina lake,

Neema