Moto wa Kuomba kwa Jirani

Mjukuu wangu Chebet,

Huku Elburgon tuko salama. Mvua imewahi, ng'ombe amezaa ndama wa kike, na babu yako bado anabishana na redio.

Umeniuliza kama ni maneno yako yaliyomfanya rafiki yako aache chuo. Sijui, mama.

Miaka ya hamsini, nikiwa msichana, tuliishi kwenye shamba la mzungu tukichuma maua ya pareto. Kiberiti kilikuwa adimu, kwa hivyo moto tuliomba kwa jirani. Mchana mmoja wa upepo nilibeba kaa la moto kwenye kigae, nikapita nyuma ya nyumba ya Mama Wanjiru. Muda mfupi baadaye paa lake la nyasi likawaka. Watu walitoka wazima, lakini nyumba iliisha.

Hakuna aliyekuwa ameniona. Nilikaa na jambo hilo siku mbili, kisha nikamwendea.

"Mama, siku ile nilipita hapa na moto. Kama ni cheche yangu, sijui."

"Na mimi nilikuwa nimeacha sufuria motoni," akasema. "Hata mimi sijui. Chukua panga, twende tukate nyasi."

Tulikata mpaka viganja vikachubuka, tukaezeka pamoja.

Nenda umwone rafiki yako, umwambie unachojua na usichojua. Kilichochoma nyumba ile sijakijua mpaka leo. Lakini ukiniuliza nani alikata nyasi ya paa jipya, hilo nalijua.

Ni mimi, nyanya yako.